Hodi Mlangoni kwa Kicheko

Usiku wa kuamkia leo niliota kiti kinanifuata. Ni kiti changu cha jikoni, cha mbao, chenye mguu mmoja mfupi. Nikienda uani, kipo. Nikienda dirishani, kipo.

"Kaa," kikaniambia.

"Sijachoka."

"Ndiyo maana nakwambia ukae. Daktari alisema upumzike kabla hujachoka."

Nikakaa, maana ni kweli alisema. Nina ugonjwa wa neva, wa nadra, jina lake refu sina haja nalo. Kinga ya mwili wangu mwenyewe inaziba njia, ujumbe unaotoka kwenye neva haufiki kwenye misuli. Asubuhi naamka mzima, naongea, natafuna, nagombana na muuza samaki. Jua likipanda, nguvu zinaanza kuniaga. Kope ya kushoto inashuka. Taya linagoma. Kufika chakula cha usiku uso wote umeshalala na mimi niko macho. Nikicheka yanatoka meno tu, utadhani nataka kung'ata mtu.

Hapo ndipo panaponiuma. Mume wangu, Baba Semeni, ni mtu wa vichekesho. Tangu anioe, kila tukishakula usiku ananipa kimoja, kibovu, na mimi nacheka mpaka majirani wanauliza kuna nini. Sasa ni muda hajanipa hata kimoja. Ananitazama usoni, anameza mate, anatoa vyombo. Anadhani nimemchoka. Nimeshamwambia ni ugonjwa, akasema, "Sawa, Mama Semeni." Lakini ile sawa yake naijua mimi.

Basi, nimekaa kwenye kiti, nyumba ikaanza kurefuka. Sebule ikawa korido, milango kushoto na kulia, kama nyumba ya wapangaji pale kwetu Tanga.

"Hapa ni ndani ya uso wako," kiti kikasema. "Pale anakaa Kope. Pale Taya. Kule mwisho ni kwa Kicheko."

Mlangoni kwa Kicheko ameketi mwanamke. Amejaza kizingiti chote, amejifunga kanga yangu, na sura ni yangu.

"Wewe nani?" nikamuuliza.

"Mimi ni wewe."

"Na unafanya nini hapo?"

"Nalinda. Asiingie mtu mbaya."

"Kwani amekuja mtu mbaya?"

Akafikiri. "Bado. Ila nina bidii."

Nilikuja na maneno yangu makali, lakini yakaniishia. Miguu ilikuwa imemvimba kwa kukaa, maskini, na macho mekundu. Nikamwambia pole na kazi. Akasema ahsante, ndiyo mara ya kwanza kuambiwa.

Mara anakuja bwana mmoja, mwembamba kama uzi, kanzu imepigwa pasi. Anasimama mbele ya mlango, anakohoa kidogo.

"Hodi," anasema. Kimya. "Hodi." Kimya. "Hodi jamani." Yule mwanamke hata hasogei. Bwana anakung'uta vumbi kwenye makubazi yake, anageuka aende zake.

Nikamdaka mkono. "We baba, unakwenda wapi?"

"Nimetumwa na neva nimwite Kicheko. Nimepiga tatu, sikuitikiwa. Ya nne si adabu."

"Astaghafirullah! Uso wangu ufe kwa ajili ya adabu zako?"

"Ndivyo nilivyolelewa, mama."

Hapo akatokea Kidonge, mweupe, wa mviringo, mkeka kwapani. Ni yule yule ninayemmeza kabla ya kula ili niweze kutafuna. Akatandika mkeka pale mlangoni, akamkalisha yule bwana kwa nguvu.

"Huyu mlinzi siwezi kumwondoa," akaniambia. "Kazi yangu ni kumzuia huyu mpiga hodi asiondoke upesi."

Nyuma yake tumbo likaunguruma, korido nzima ikatikisika.

"Na huyo?" nikauliza.

"Huyo ni tumbo lako, kila ukinimeza huwa nafuatana naye. Samahani."

Tukakaa wote kwenye mkeka. Nikaweka sikio mlangoni. Ndani mtu anapumua.

"Kicheko," nikaita. "Upo?"

"Nipo," ikasema sauti ndogo. "Nawasikia kila jioni, ila jioni sina pa kupita, huyo mlinzi kajaa mlango mzima. Asubuhi anasinzia, panapatikana upenyo. Kila asubuhi naoga, navaa, nakaa kitako nasubiri. Haji mtu."

Nililia. Machozi hayapigiwi hodi, yalitoka yenyewe. Miaka yote ya ndoa yetu kichekesho ni cha usiku, baada ya kula, na wala haikutupitia akilini, mimi wala yeye, kwamba kinaweza kuliwa na chai. Na mwenzangu huyu ndani kavaa nguo zake nzuri anamngoja mgeni.

Nikamgeukia yule bwana mwembamba. "Ondoka hapa. Nenda kwa mume wangu, mwambie alete asubuhi."

"Asipoitika?"

"Piga tu."

"Hata ya nne?"

"Hata ya kumi. Aibu nitaibeba mimi."

Akainuka, akanyoosha kanzu, akaenda. Sijui kama aliwahi kutumwa jambo gumu kuliko hilo.

Nikaamka. Kumeshapambazuka. Baba Semeni ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa kandambili, shati limefungwa vifungo upande upande.

"Umesikia hodi?" akaniuliza.

"Hodi gani?"

"Kuna mtu kanigongea tangu alfajiri, hakomi, hana adabu hata kidogo. Natoka nje naona mgongo tu, mwembamba huyo. Kasema nilete asubuhi. Nikamuuliza nilete nini, kashakata kona." Akajikuna kichwa. Akanitazama usoni, akameza mate. "Haya bwana. Palikuwa na mzee mmoja wa Muheza, kanunua mbuzi bubu."

Nikacheka. Kwa uso mzima, kope zote mbili juu, sauti mpaka uani. Mbuzi mwenyewe hata hajafika nyumbani.

 Baba Semeni akaniwekea kiganja shavuni, akakiacha hapo hapo, kidevu chake kinacheza.

"Kumbe hujanichoka," akasema.

"Nikuchoke niende wapi?" nikamwambia. "Endelea bwana, wahi, jua linapanda. Huyo mbuzi kafanya nini?"