Chupa Isiyoshushwa

Edwiga Komba hajui usingizi unamchukua saa ngapi, anachojua ni kwamba unamkuta wima, mgongo umeegemea nguzo ya wodi ya wazazi, mkono wa kulia juu, chupa ya dripu mkononi. Stendi zote zinatumiwa na wagonjwa wengine, madirisha yenye misumari ya kutundikia chupa yako mbali, na Restuta, aliyejifungua alfajiri akatokwa na damu nyingi, amelazwa kwenye godoro sakafuni, katikati ya wodi, kwa kuwa vitanda vimejaa. Kwa hiyo muuguzi ndiye stendi. Hii ni zamu ya pili anaiunganisha na ya kwanza, maana mwenzake wa kumpokea amehamishiwa wilaya nyingine na hakuna aliyeletwa, na amechoka, si ule uchovu wa kusema nikioga nitakuwa sawa, amechoka mpaka utosini. Asubuhi Danstani, mume wa Restuta, fundi ujenzi mwenye saruji kwenye kucha, amemwambia mbele za watu kwamba manesi wa hapa hawana huruma, na Edwiga amemeza jibu kwa sababu hata jibu linataka nguvu. Nje mvua ya mchana inapiga bati. Anajiambia nafumba jicho moja tu. La pili linafuata lenyewe, na sakafu ya wodi inasonga mbele, inapita pale ulipokuwa ukuta, inakuwa barabara.

Barabara ni nyeupe, ya vigae, inanuka dawa ya kupigia deki, na mrija wa dripu umelala juu yake, unatangulia, unapinda pale barabara inapopinda, mwisho wake hauonekani. Katika nchi hii Edwiga anajua jambo moja tu: kule mwisho yuko Restuta, na akishusha mkono, maji yatakoma na damu itapanda mrijani. Anatembea kuufuata, na kadiri anavyotembea ndivyo unavyorefuka. Kando ya barabara watu wamejipanga, wamevaa nguo za sikukuu, na kila anapopita wanamwambia pole na kazi, sista. Wanasema kwa upole kabisa. Anajibu asante, asante, mpaka koo linakauka, kisha anamwomba mmoja, ndugu yangu, nishikie kidogo nikunje mkono, na yule mtu anaitazama mikono yake mitupu, anaitia mfukoni, anasema pole sana, safari hii kwa huruma zaidi. Pole zinadondoka chini, zinajaa mpaka kwenye vifundo vya miguu, inambidi azikanyage ili apite. Hapo anatokea wa kumwongoza, sare imepigwa pasi, uso hana, ni laini kama yai lililomenywa. Edwiga hashangai. Siku hizi hata nyuso za wagonjwa zinamchanganyikia, na hilo linamtisha kuliko uchovu wenyewe. Anamwuliza Restuta yuko wapi. Asiye na uso anasema, ni mzigo gani unaoongezeka kila unaposifiwa kwa kuubeba? Sijui, anasema Edwiga, nina haraka. Basi njoo usifiwe.

Na barabara inageuka ukumbi, meza kuu ina maua ya plastiki, nyuma yake wameketi waheshimiwa, hakuna mwenye uso hata mmoja. Wanataja jina lake, wanamwita mfanyakazi bora, wanapiga makofi yasiyo na mlio. Mmoja anasimama, anahutubia kwa kirefu, anasema uuguzi ni wito, na mwenye wito hachoki. Mimi nachoka, anasema Edwiga. Hakupaza sauti, ila ukumbi umemsikia. Mheshimiwa, wito niliuitikia mwenyewe, sikulazimishwa, na kazi yangu bado naipenda, ila niliitikia nikidhani tutakuwa wengi. Wanatazamana bila macho. Kisha, kwa kuwa yeye ni hodari, wanamkabidhi zawadi yake, chupa ya pili, mkono wa kushoto, na mrija wake unakwenda upande mwingine kabisa. Anataka kuikataa, lakini matone yameshaanza kushuka, upande ule nako kuna mtu, atakataaje? Anatoka ukumbini mikono yote miwili juu kama aliyekamatwa na polisi.

Nje kuna mji, na kuta za mji ni vioo, na ndani ya vioo wamejaa akina Edwiga. Anadhani ni taswira zake, kumbe kila mmoja ana mwendo wake: huyu anasinzia akitembea, huyu analia na hajui kwamba analia, yule anamfokea mama wa watu kwa sababu ya kandambili, mama ambaye hana kosa lolote, na Edwiga akiuona ule mdomo wake unavyofoka anaelewa Danstani aliona nini asubuhi. Aibu inamshika. Anawaomba wamshikie. Wanamjibu kwa sauti yake mwenyewe, dada, mikono yetu imejaa, na hawamnyimi, kweli imejaa, kioo baada ya kioo mikono iko juu. Mrija wa kulia unaanza kuwa mwekundu, kutoka mbali, taratibu, damu ya Restuta inarudi, kwa sababu mkono umeshuka bila yeye kujua. Anaupandisha. Unashuka tena. Sasa anaogopa, anaogopa kama alivyoogopa siku ya kwanza kazini, kwamba mtu atakufa na yeye amesimama papo hapo.

Ndipo anamwona Danstani anakuja, anaufuata mrija kutoka upande wa mgonjwa, na ana uso. Ni uso wa mtu aliyekasirika, lakini ni uso. Edwiga anajiandaa kutukanwa. Danstani anautazama mkono wa kulia, anautazama wa kushoto, anamwuliza amesimama hivi tangu lini. Edwiga hakumbuki.

Nipe hiyo, sista.

Hujui kuishika.

Nielekeze. Kazi yangu ni kushika vitu kutwa nzima.

Anataka kumpa na hawezi. Vidole vimesahau kufunguka, na moyo nao unakataa, unasema akikosea je, akisinzia je, Restuta akifa utasema nini. Danstani havuti. Anangoja, kisha anasema kwa sauti ya chini, yule ni mke wangu, hata mimi sitaki afe. Hapo Edwiga anaanza kumweleza, iwe juu ya bega, mrija usijikunje, maji yakifika shingoni mwa chupa niite, usingoje yaishe, na kila neno linalegeza kidole kimoja. Chupa inaondoka. Mkono unabaki juu peke yake, hauamini. Nyuma ya Danstani amekuja shangazi wa mgonjwa wa jirani, anaweka chini chupa yake ya uji, anaipokea ile ya kushoto, anauliza tu, hivi? Hivyo hivyo, anasema Edwiga, na mimi sasa nifanye nini? Safari hii hajibiwi kwa fumbo. Keti, anasema Danstani.

Anafumbua macho. Amekaa sakafuni chini ya nguzo, miguu imefunikwa kanga ya mtu asiyemjua. Restuta amelala kwenye godoro, kifua kinapanda na kushuka vizuri, na Danstani amesimama kando yake, chupa juu ya bega, maji bado yako nusu. Mtu anaingia na viatu vya kugonga, anaambiwa na wengi kwa pamoja, taratibu, sista kalala. Anavivua. Hata vichanga vimetulia. Na hapo ndipo shaka inamwingia Edwiga, kwa sababu tangu aanze kazi hajawahi kuisikia wodi hii ikinyamaza, hana namna ya kujua kama ndivyo inavyokuwa. Anajiambia, kama nimeamka kweli, wataniita sasa hivi. Anangoja waite sista. Mkono wa kulia umelala pajani, mzito, unauma. Anangoja. Hakuna anayemwita.