Anayejibu Kilimani

"Amenijibu mara mbili asubuhi hii," Mjomba Ansel alisema, akisukuma kinasa sauti mezani, kati ya chai na mkate wa molasi. "Leo usiniambie nimezeeka, Tryphena."

"Umezeeka, Mjomba. Swali ni kama bado unasikia."

"Uchokozi wako nausikia vizuri tu."

Tryphena alicheka. Alikuwa katibu wa kamati inayoishauri serikali ya Kanada ni viumbe gani wako hatarini na ni wapi wametoweka. Sululu mdogo, ndege wa mdomo mrefu uliopinda, hakuwa ameonekana na mtu kwa zaidi ya miaka hamsini. Alibaki kwenye orodha ya walio hatarini kwa sababu moja: kila Agosti Ansel alipiga mluzi kilimani, kama wawindaji wa zamani wa Labrador walivyowaita ndege hao, akaripoti kwamba ndege amejibu. Bila jibu hilo angeandikwa "ametoweka", na kilima kingefunguliwa kwa machimbo.

Tryphena akabonyeza kinasa sauti. Upepo. Mluzi wa Ansel, mrefu, ukishuka. Kisha, kwa mbali, jibu.

Tryphena akautambua mluzi wake mwenyewe. Jibu lilikatika katikati, pale pale pumzi inapopenya kwenye pengo la jino lake.

Kila Agosti alikuja kumtembelea mama yake, ng'ambo ya kilima. Alipanda kuchuma matunda meusi ya porini, akapiga mluzi aliofundishwa na marehemu baba yake. Hata asubuhi hii. Na kila mara kitu kilimjibu. Hakuwahi kumwambia mtu. Aliamini ni roho ya baba.

"Ni yeye, sivyo?" Ansel aliuliza.

"Chukua kofia, Mjomba. Twende."

Juu ukungu ulikuwa umetanda. Ansel akapiga mluzi. Midomo ya Tryphena ilijikunja yenyewe. Akaiziba kwa kiganja. Hakuna jibu. Ansel akapiga tena, akangoja sana.

"Sasa amenuna," alisema. Kisha akageuka, akakiona kile kiganja mdomoni. "Kumbe ni wewe."

"Ni sisi, Mjomba. Nami nilidhani anayenijibu ni baba."

Mzee alivua kofia, akaikunja. "Miaka yote hiyo. Haya, andika, binti. Andika kweli."

Tryphena akaandika "ametoweka" pale pale, amesimama. Wakateremka upande wa pili. Mama yake alikuwa dirishani, shali mabegani.

"Mbona safari hii ndege hawakujibizana?" aliuliza. "Nimekaa hapa nawasubiri."