Siku Tatu za Kiubo

...na kama ingekufa kabisa hii mashine, isikohoe tena, watu wote arobaini na kitu wakateremka na mabeseni yao na kurudi Likasi kwa miguu, maana mabati ya nyumba za mwisho bado yanaonekana pale nyuma, Stanislas angekuwa mtu pekee wa kufurahi ndani ya basi hili, na ni dhambi, anajua, mtu mzima wa miaka sitini na minne kuomba kimyakimya kwamba fundi ashindwe huku wenzake wanaomba kwa sauti aweze, lakini hivyo ndivyo anavyoomba tangu alfajiri, tangu waliposhindiliwa wanne kwenye kiti cha watatu, magoti yakikwaruzwa na chuma cha kiti cha mbele, dumu la mawese chini ya miguu, mbuzi wa mtu juu ya paa akipiga kwato kila anapochoka kulala, na sasa ni saa nne, jua limeingia dirishani na dirisha halifunguki, na Kiubo kwenyewe watafika jioni, Mungu akipenda, na Mungu huyo asipende, jamani, mara moja tu asipende... "Mukae! Bote mukae!" dereva anapiga kelele kutoka mbele, kichwa chake ndani ya boneti, "cinq minutes tu, dakika tano, moteur iko napoa!"... na Albertine halalamiki, hilo ndilo linalomuua, wanawake wote wanamtukana dereva na mama yake dereva, mke wake yeye amekaa wima kama yuko misa ya kwanza, kitenge kipya, kikapu cha samaki mapajani, anatabasamu, safari hii ni zawadi ya kijana wao Parfait kwa miaka arobaini ya ndoa, Parfait alimwuliza mama yake achague, friji au seti ya viti, na mama hakusita, nataka kwenda kuona yale maporomoko ya Kiubo, kule alikokwenda baba yenu... "Baba Carmel," anamwambia sasa, bila kumgeukia maana shingo haina nafasi ya kugeuka, "ile fasi, pale ulisimamaka, bakakupiga foto, ukingali unaijua?"... "Miaka ni mingi, Mama Carmel," anajibu, na ulimi unamwuma, maana kumwita mkewe ni kumtaja mtoto, jina la mzaliwa wa kwanza halivuliwi hata mtoto akiwa chini ya udongo, miaka thelathini na saba anamwita hivyo kila asubuhi kabla ya chai, Carmel, Carmel, kajitoto ka miaka miwili kenye meno manane na kelele za watu wazima... na ile foto iko ukutani sebuleni kwao, mtaa wa Panda, mpaka leo, yeye kijana, shati jeupe, mkono kiunoni, nyuma yake maji yanaanguka meupe, wageni wote wameonyeshwa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mbona maji yana mkunjo katikati, mkunjo wa kitambaa, kitambaa kilichochorwa rangi, kimetundikwa kwa misumari miwili katika studio mjini, hatua chache kutoka sokoni... na si mwanamke, heri ingekuwa mwanamke, mambo ya wanawake watu huyasema, huyalia, huyasamehe, hili lake ni la aibu ya kitoto, basi la waimbaji kutoka Lubumbashi lingepita Likasi Ijumaa alfajiri likienda Kiubo, likiwa na nafasi moja, akaipata yeye, na alivyojitapa! bombani alijitapa, kwenye baa alijitapa, kambi nzima ya wafanyakazi walimokaa ikamwita Bwana Kiubo, akaenda Alhamisi kulala kwa rafiki yake Urbain, ng'ambo ya reli, karibu na barabara, eti asichelewe, wakanywa kuiaga safari, na alipofumbua macho jua lilikuwa ukutani na basi limeshakwenda, mtu angerudi nyumbani, si ni mwendo wa dakika ishirini tu, lakini arudi vipi na begi lake mkononi, Bwana Kiubo, umesharudi?... kwa hiyo alijificha, siku tatu, mlango umefungwa, wakicheza dame, drafti ya vizibo vya chupa, na Jumapili akazunguka nyuma ya nyumba za watu mpaka studio, akatabasamu mbele ya kitambaa, saa nane mchana ilikuwa, anaijua vizuri saa hiyo kwa sababu baadaye walimwambia saa ya maziko, saa nane, homa ilianza Ijumaa, Jumamosi mtoto akakakamaa, jioni hakuwepo tena, na yeye akafika kambini na foto mfukoni akakuta watu wameketi chini mbele ya mlango wake... na alikuwa aseme, kinywa kilikuwa wazi, ila Albertine alimwahi, akamshika magoti, haiko kosa yako, ile mayi ilikuwa mbali, tungemutuma nani, na watu wote wakasema kweli, ilikuwa mbali, na yeye akaukalia ule umbali kama kiti alichopewa na wenyeji... "Unajua," anasema Albertine, polepole, sasa hatabasamu, "minye ile mayi niliichukiaka sana. Nilikuwa nasema, njo yenyewe iliyokukamata, weye ungekuwa kwetu, ungemubeba mutoto mpaka ku hospitali, weye uko na miguu mirefu. Leo niko naenda kuisamehe."... kuisamehe, mto wa watu, maji ambayo hayajamwona wala hayamjui, na mwanamke huyu amevumilia kiti hiki tangu alfajiri, na magoti yale mabovu, kwenda kuyaambia maji kwamba ugomvi umekwisha, na atasimama pale ukingoni na kitenge chake kipya, na yeye atasimama kando yake, ataonyesha jiwe lolote, hapa ndipo, naye ataamini... hapana, hapana, amwibie na hili pia?... na mashine iwake au isiwake, hajali tena, ni mamoja... "Albertine," anasema, na yeye mwenyewe anashtuka kulisikia jina hilo kinywani mwake, "sikufikaka Kiubo. Nilikuwa kwa Urbain. Siku tatu yote. Nilikosa ile bisi, nikasikia haya kurudi," na anangoja kofi, kilio, anangoja hata watu wageuke, lakini mikono ya mkewe haijasogea juu ya kikapu, akili yake ndiyo inahesabu hatua, inatembea kutoka kambini, inavuka reli, inafika... "Kwa Urbain," anasema Albertine. "Ngambo ya reli." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo hajapata kuisikia kwake, "basi ulisikiaka vile tunalia," na ni kweli, Yesu, hilo hajawahi kujiambia hata mwenyewe, dirisha la Urbain lilikuwa wazi Jumamosi ile jua likishuka, sauti za wanawake zilikuja kutoka upande wa kambi, akainua kichwa, akasema maskini, sijui ni kwa nani, akala kete mbili za Urbain kwa mpigo mmoja, akacheka... "Nilisikia," anasema.