Oili Isiyodondoka

Mzee Leonardi alijivuta kutoka chini ya gari, mdomo wote mwekundu, nami nikapiga ukelele nikidhani ametapika damu. Akaninyooshea kiganja kunituliza. Akatema mate mara mbili, akajifuta kidevu kwa nyasi, kisha akacheka, na yale meno yake machache nayo yalikuwa mekundu.

"Usilie, mwanangu," alisema. "Mwizi nimemwonja."

Ilikuwa Jumatano asubuhi, mwezi wa saba, mwaka wa themanini na tatu. Wanaoijua Ufipa wanajua upepo wa mwezi huo. Unapita juu ya matuta yaliyovunwa bila kukutana na mti, unafika mwilini ukiwa na nguvu zake zote. Suma alikuwa mgongoni, miezi minane, nimemfunika kwa kanga mbili. Kesho yake, Alhamisi, lori lingekuja kumchukua baba yake kumpeleka Sumbawanga, akashtakiwe kwa uhujumu uchumi. Mwaka ule neno hilo lilikuwa likimwangukia mtu kama radi. Jirani aliyekusalimu jana, leo anapita upande wa pili wa njia.

Jina la kijiji sitalitaja, maana watoto wa mwenyekiti wangali hai na wananisalimu vizuri. Sisi tulikuwa wageni pale. Mume wangu, Anyosisye, alitoka nami Tukuyu kuja kuendesha gari la kijiji. Lilikuwa gari zee, rangi ya maziwa yaliyoganda, lililoachwa na daktari mmoja wa kizungu aliporudi kwao. Halikuwa na klachi. Gia zake zilijibadilisha zenyewe, na watu walikuja kutoka Mollo kuliangalia tu. Lilibeba wagonjwa, lilibeba wajawazito, lilimbeba mwenyekiti.

Tangu Pasaka likaanza vituko. Baba Suma anaweka gia, injini inanguruma, gari limesimama palepale kama limesahau kazi yake. Akiongeza oili nyekundu ya giaboksi, linakwenda. Baada ya wiki, limesimama tena. Zikaisha galoni tatu, wakati nchi nzima ilikuwa inatafuta sabuni kwa tochi. Na chini ya gari hapakuwa na tone hata moja.

"Oili isiyodondoka inakwenda wapi?" mwenyekiti Clemens aliuliza mkutanoni. Hakungoja jibu. "Inakwenda kuuzwa Kabwe, ziwani, kwenye boti za wavuvi. Lisemwalo lipo."

Wakamfungia mume wangu kwenye ghala la mahindi.

Mlinzi wake alikuwa mgambo Polikarp, kijana mrefu, mpole. Nilipopeleka uji siku ya kwanza, alitazama juu kama mtu anayesoma mawingu. "Mama Suma," alisema, "mimi nakwenda kuangalia ng'ombe wa kijiji." Ng'ombe wa kijiji walikuwa wamekwisha kufa wote. Nikaelewa. Nikasogea kwenye ubao wa ukuta uliopasuka, nikaweka sikio.

"Nisikilize," mume wangu alisema kutoka ndani. "Mikono yangu iko humu. Itabidi utumie yako."

Nilikwenda kuomba ufunguo wa gari. Mwenyekiti alinipa akicheka. "Ukilitembeza wewe, mimi nitakuchotea maji mwezi mzima." Waliokuwa barazani walicheka naye. Siwalaumu. Hata mimi nilikuwa sijawahi kukaa kiti cha mbele.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza gari, kwa kwenda na kurudi kati ya gari na ule ubao. Washa, uliache lipate moto. Usipime likiwa limezimwa, litakudanganya. Chomoa kile kijiti kirefu cha kupimia, futa, rudisha, chomoa tena. Nusa. Inanuka kama maharage yaliyoungua?

"Hapana. Ni nyekundu safi. Lakini imefika kwenye ncha tu."

"Kwa hiyo giaboksi haijafa. Ina kiu. Tandika gunia jeupe chini, uliache likinguruma."

Nilitandika. Nikakaa chini nikimnyonyesha Suma, macho kwenye gunia. Lilibaki jeupe. Nilirudi ubaoni.

"Kavu, Baba Suma. Halijadondosha kitu. Ni moshi tu."

"Moshi gani?"

"Wa nyuma. Mweupe, mzito, kama wa kuni mbichi."

"Sijui," alisema. "Hapo ndipo ninapofika mimi. Nenda nyumbani, Mama Suma, kafunge mizigo yako."

Nimezeeka sasa, nimezika watu wengi, lakini sijasikia tena sauti ya namna ile. Ilikuwa sauti ya mtu anayeweka mzigo chini kwa sababu njia imekwisha.

Sikwenda kufunga mizigo. Kulipokucha, Jumatano hiyo, nilikwenda kwa Mzee Leonardi, mhunzi, ambaye babu zake walikuwa wakiyeyusha chuma kabla ya majembe ya dukani. Hakuwa amegusa gari maishani mwake. Lakini wote walionijua walikuwa wamefunga milango, na kwake mlango ulikuwa wazi kwa sababu haukuwepo. Nilimpigia magoti. "Shikamoo baba. Kuna kitu kinakunywa oili na sikioni."

Alikuja bila kuniuliza kama nina cha kumpa. Alilala chini ya gari akafuata kila bomba kwa kidole, taratibu, kama anayehesabu mbavu za ndama. Akaukuta mpira mwembamba unaotoka kwenye injini na kuishia kwenye kikopo cha bati, ubavuni mwa giaboksi. Akauchomoa. Kisha akaweka mdomo kwenye kikopo, akavuta pumzi. Oili ikamjaa kinywani. Ndipo akatoka akicheka vile.

"Hiki ni mvukuto mdogo," alinieleza. "Ndani kina ngozi. Injini inavuta pumzi upande huu, oili inakaa upande ule. Ngozi ikichanika, mvukuto hauvuti tena hewa, unavuta kilicho upande wa pili. Wangu ukichanika unavuta majivu. Huu unavuta oili, injini inaila, inaitoa moshi."

Nilimpelekea Baba Suma habari hiyo mbio. Nilisikia paji lake la uso likigonga ubao. "Azibe pande zote mbili," alisema. "Litakuwa linarukaruka, lakini halitakunywa."

Mzee Leonardi alichonga vijiti viwili, akaviviringishia kitambaa, akaziba. Ikabaki oili. Galoni ya mwisho ilikuwa chini ya meza ya mwenyekiti. Alikuja nayo mwenyewe, akanipa. "Na hii ikipotea," alisema, "tutaiandika kwenye kosa lake."

Niliimimina polepole. Nikamkabidhi mzee mtoto. Nikakaa kwenye usukani, mguu kwenye breki, nikavuta gia hadi pale mume wangu aliponielekeza, nikaachia. Gari liliruka kama ng'ombe aliyedungwa sindano, likatembea. Nililizunguka ghala lote, nikilia, nikasimama mbele ya mwenyekiti. Nyuma hapakuwa na moshi.

Alilitazama. Akamtazama mzee, mdomo wake mwekundu. "Gari limetembea, sawa," alisema. "Lakini mumeo amekwisha kukiri. Ameandika leo alfajiri, kwa mkono wake."

Nilikwenda ubaoni. "Baba Suma. Ni kweli?"

"Walisema nikiandika, wewe na mtoto hamtafukuzwa kwenye nyumba."

Ukweli ulikuwa umefika, na ulikuwa umechelewa kwa saa nne.

"Polikarp," mwenyekiti aliita, "lete ile karatasi."

Polikarp alisimama wima, bunduki begani. "Haipo, mwenyekiti. Nimeivuta."

"Umeivuta vipi?"

"Nilisokotea tumbaku. Baridi ilikuwa kali. Sikujua kama ina kazi."

Mwenyekiti alimtukana mpaka akaishiwa matusi. "Basi aandike nyingine!"

"Nyingine siandiki," ilisema sauti ndani ya ghala. Ilikuwa sauti ya mume wangu, ile ya zamani.

Watu walikuwa wamejaa, na gari lilikuwa linanguruma mbele yao. Mwenyekiti alimrushia Polikarp ufunguo wa kufuli, akaondoka bila kugeuka.

Tulikaa kijiji kile miaka tisa zaidi. Polikarp alikuwa jirani yetu, nami nikisoma naye darasa moja la watu wazima. Tangu siku ya kwanza ndiye aliyekuwa akitusomea maandishi ya ubaoni, kwa sauti, wakati sisi wengine tunababaisha herufi. Na kwa miaka yote tisa, kwenye misiba, kwenye pombe, kwenye baridi ya mwezi wa saba, sikumwona hata siku moja na tumbaku mdomoni.