Mwambie Atoke

"Shemeji, mwambie atoke!"

Ndivyo alivyoniita mdogo wake mume wangu mchana ule, na mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka. Aliniita mimi, niliyekuwa mbali, karai la udongo kichwani, ilhali mtu wa kutoka alikuwa chini ya miguu yake, ndani ya kisima, akisikia kila neno. Angeinamisha kichwa tu na kusema, "Kaka, toka." Lakini ndugu hao wawili walikuwa hawasemeshani. Nami, kwa mazoea ya kazi yangu ya kupokea na kufikisha, nikasimama na kuuliza, "Nimwambie nini?"

Kabla hajarudia, ardhi ilikatika. Nilisikia mshindo mzito wa kitu kilichojaa, kama gunia lililoangushwa kutoka ghalani, kisha vumbi likapanda pale shemeji alipokuwa amesimama. Karai lilinitoka kichwani. Sikumbuki nilivyofika.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana bila habari ya maksai mtu hawezi kuelewa ujinga huu ulitoka wapi.

Baba mkwe alipofariki aliwaachia wanawe shamba moja la kukatwa katikati na jozi moja ya maksai. Kila mmoja akapata nusu ya shamba na kila mmoja akapata maksai mmoja. Sasa maksai mmoja halimi. Kwa hiyo msimu ukifika walifunga wanyama wao kwenye nira moja, wakalima upande huu, wakahamia upande ule, na jioni wakala sahani moja huku wakitaniana nani amepindisha mstari. Walikuwa chanda na pete. Niliolewa nikawakuta hivyo, nikajiambia moyoni kwamba hapa nimefika.

Kisha shemeji akamwazima maksai wake mtu mmoja wa ng'ambo ya korongo, akamkokotee magogo. Hakumuuliza kaka yake. Shemeji yangu ndivyo alivyo, ukimwomba shati analivua papo hapo na kubaki kifua wazi. Maksai akateleza kwenye mteremko, akavunjika mguu, ikabidi achinjwe hukohuko. Na mvua ya kupandia ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kunyesha.

Mume wangu hakupiga kelele. Heri angepiga! Alimtazama ndugu yake kwa muda, akanigeukia mimi, akasema, "Mwambie asikanyage kwangu." Akaingia ndani, akatoka na jembe la mkono, akaanza kulima kwenye mvua ileile.

Tangu siku hiyo alilima kwa mkono. Eneo ambalo jozi ya maksai ingelihangaikia, yeye alilimaliza peke yake, asubuhi akiwahi umande, jua likiwaka amefunga kitambaa kichwani, na mapumziko yake yalikuwa kunoa jembe. Viganja vyake vilikuwa vigumu hivi kwamba aliweza kuokota kaa la moto jikoni na kulirudisha mafigani bila kuharakisha. Wenzake wakambandika jina la Trekta. Walidhani wanamsifu, naye alidhani anasifiwa. Mimi niliyelala naye, niliyemsikia akiguna kwa maumivu ya mgongo kila alipojigeuza, nilijua halimi kwa ajili ya mahindi peke yake. Kila jembe liliposhuka lilikuwa linamwambia mtu wa upande wa pili: tazama, sikuhitaji. Ilinikera. Ilinihuzunisha pia, lakini zaidi ilinikera.

Maksai aliyebaki tulimwita Mgane. Mume wangu alikataa kumuuza na alikataa kumtafutia mwenzake. Alimlisha tu, mnyama mzima wa kazi, ananenepa kama bwana harusi.

Na mimi nikawa mdomo wa wote wawili. Shemeji alikuwa akisimama kwenye mpaka na kusema, "Shemeji, mwambie kaka mbuzi wake wamo kwenye maharage yangu." Kaka mwenyewe yuko hapo hapo anapalilia, hatua chache tu, wala hainui kichwa mpaka mimi niseme. Nikisema, anajibu, "Mwambie azibe ua wake." Nami namgeukia shemeji: "Anasema pole, anakuja kuwatoa." Shemeji anatabasamu kwa sababu amesikia kila kitu. Niliwachuja hivyo kwa miaka. Watu wazima, wenye ndevu!

Halafu kikaja kiangazi kile kilichokausha mpaka kijito. Vitunguu vilianza kulala chini, nyanya zikadondosha maua, na sote tulijua kwamba vikifa hivyo hatuna kingine cha kutuvusha. Mahali pekee palipobaki pabichi palikuwa kwenye mpaka wetu, penye matete. Maji yapo, ila yapo kwa wote wawili, na hakuna ambaye angechimba bila mwenzake. Niliwapatanisha kwa kwenda na kurudi, tena kwa kusema uongo kidogo kila upande, mpaka wakakubali: mume wangu achimbe, shemeji avute ndoo, mimi nimwage udongo na nipeleke maneno.

Mgane alikuwa amefungwa hapo karibu, angeweza kuvuta zile ndoo huku akicheua. Nilipolisema hilo, mume wangu akajibu kwamba mkono ule hautashika tena mnyama wake. Basi shemeji akavuta kwa mikono, kamba ikipita juu ya gogo tulilolilaza mdomoni mwa kisima na kumchuna viganja, bila kulalamika.

Siku nyingi za kuchimba zilikwenda hivyo. "Mwambie huyo wa juu avute kama mtu aliyekula!" Nami kwa shemeji: "Anasema taratibu tu." Kisima kikawa kirefu kuliko mti wa mpera uliokuwa uani kwetu. Upande mmoja walichonga vidato vya kukanyagia. Upande wa pili udongo ulikuwa wa mchanga, na haukunipendeza tangu mwanzo. Asubuhi ya siku ile mume wangu alipiga ukelele kutoka chini: "Pamelowa! Udongo umelowa!" Nilicheza peke yangu pale juu, na shemeji akacheka. Nikamwambia mume wangu apande apumzike, ale kidogo, tutazame na ule upande wa mchanga. Akasema hawezi kuyaacha maji mlangoni.

Kwa hiyo alikuwa bado anapiga sururu wakati shemeji alipouona ufa. Na shemeji, badala ya kusema na shimo, akainua macho kunitafuta mimi.

Vumbi lilipotulia nilimwona mume wangu. Udongo ulikuwa umemfukia mpaka kifuani. Mkono mmoja ulikuwa juu, mwingine haukuonekana, na uso wote ulikuwa mweupe kwa mchanga isipokuwa macho. Alikuwa hai. Nilimwita, akakohoa. Kisha nikasikia sauti nyingine, ndogo, na sikuitambua mara moja kwa kuwa tulikuwa tumeisubiri kwa furaha. Yalikuwa maji. Tuliyoyatafuta yamefika, na yalikuwa yanapanda kumzunguka.

Watu walikuwa mbali, mashamba ya chini. Nilipiga mayowe, lakini shemeji alikuwa tayari amefunga ncha moja ya kamba kiunoni na anashuka kwa vile vidato. "Mfungue Mgane," aliniambia. "Mfunge nira, ncha hii nyingine ipitishe juu ya gogo uifunge kwake."

Nilifanya. Nilifunga fundo mara mbili likafunguka, la tatu likashika. Mgane alinitazama kwa mshangao, maana alikuwa hajavaa nira tangu mwenzake afe. Kipande cha udongo kikaporomoka tena upande ule wa mchanga. Nikachungulia.

Walikuwa uso kwa uso. Shimo lilichimbwa kwa ajili ya mtu mmoja, kwa hiyo shemeji alikuwa amejibana juu yake, goti ukutani, anachota tope kwa mikono na kulitupia kwenye ndoo, anachota, anatupa. Pumzi zao zilikuwa zinagusana. Na hawakusema neno. Hata neno moja! Nilisikia tope, nilisikia maji, nilisikia mume wangu akihema kwa shida kama mtu aliyekaliwa kifuani, lakini sauti ya mtu hakuna. Niliogopa ule ukimya kuliko ule mchanga.

Shemeji akajifungua kamba kiunoni. Akaipitisha chini ya makwapa ya kaka yake, akaikaza. Maji yalikuwa yamefika begani. Akainua uso.

"Shemeji," akasema, "muulize kama yuko tayari, umswage ng'ombe."

Sijui niseme nini kilinipata. Nilikuwa nalia tayari, na kile kilio kikageuka hasira palepale. Hasira ya miaka yote ya "mwambie" na "mwambie".

"Simuulizi!" nilipiga kelele. "Muulize mwenyewe! Mnapumuliana puani humo ndani, mnataka mimi niwe tarishi? Simuulizi mtu, na ng'ombe huyu haondoki hapa mpaka nisikie mnasemeshana!"

"Shemeji, maji..."

"Nayaona!"

Na kweli niliyaona. Nilisimama nimemshika Mgane pembe, nikijua kwamba huenda ninamuua mume wangu kwa ukaidi, na nikakaza mdomo. Mchanga ukamwagika kidogo, laini, kama unga unaotoka kwenye chekeche. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nishindwe, niulize, wakati niliposikia sauti ya shemeji, chini sana, kama mtoto.

"Kaka. Uko tayari?"

Mume wangu akasema, "Bado." Akakohoa. "Mguu, mdogo wangu. Sururu imelala juu ya mguu, jiwe limeibana. Mkinivuta utabaki humu."

"Mguu upi?"

"Wa kushoto."

"Funga mdomo, nakupanda begani."

Shemeji akavuta pumzi, akazama kichwa kizima kwenye lile tope. Nilimwona miguu tu. Akaibuka, akatema, akazama tena. Mume wangu alikuwa amemshika nyuma ya shati kwa ule mkono uliobaki huru, na kila alipochelewa alimvuta na kusema, "Pumua. Pumua kwanza, we mjinga, pumua." Mara ya mwisho aliibuka na mpini wa sururu mkononi.

"Tayari!" walisema, wote wawili kwa pamoja.

Nilimswaga Mgane. Nilimbembeleza, nilimtukana, nilimwita majina yote mazuri niliyoyajua, naye akaweka kichwa chini na kuondoka hatua kwa hatua, taratibu kama aliyeelezwa. Kamba ililia juu ya gogo. Kilichotokea mdomoni mwa kisima kilikuwa donge la tope lenye macho, nikalikumbatia hivyo hivyo. Shemeji alipanda kwa vidato nyuma yake, na alikuwa hajamaliza kutoa mguu wakati ule upande wa mchanga ulipoanguka wote.

Mume wangu aliniambia baadaye, akiwa kitandani amefungwa mbavu, kwamba kama ningemuuliza mimi angejibu yuko tayari. Nikamwuliza kwa nini, jamani, mguu umenaswa? Akatazama ukuta. Akasema, "Angesikia kwamba nimenaswa." Nilitaka kumchapa kofi, ila mbavu zilikuwa zimemtosha.

Shemeji alitulimia msimu ule wote. Mume wangu alitoa kiti mlangoni na kumfokea moja kwa moja, bila kupitia kwangu: "Huo ni mstari au nyoka?" Na shemeji akamjibu, "Njoo uupige pasi!" Walitafuta maksai mdogo wa kumfunga na Mgane, wakabishana wiki nzima nani amshike kamba. Kisima walikichimba upya wakiwa na watu, wakakijengea mawe, na ndicho tunachonywea. Waligombana wenyewe, wakacheka wenyewe, nami nikabaki sina kazi. Sikuwahi kufurahia kukosa kazi namna ile.

Jambo moja tu hawakuligusa. Habari ya yule maksai aliyevunjika mguu haikutajwa. Mazungumzo yakikaribia huko, mmoja alikumbuka kwamba ana kitu cha kunoa.

Mume wangu alizeeka, akaugua, akafa kitandani kwake, mikono imelainika kwa kulala muda mrefu mpaka nilikuwa siitambui. Tulimzika upande wa juu wa shamba. Watu walipotawanyika shemeji alibaki, amesimama kando ya udongo mbichi, kofia mkononi, mzee naye. Nikamngoja. Akanigeukia, midomo ikimcheza.

"Shemeji," alisema. "Mwambie... yule maksai. Mwambie kwamba mimi..."

Ilikuwa miaka mingi tangu nilisikie neno lile. Nilimshika mkono, mara hii bila hasira yoyote.

"Mwambie mwenyewe," nilimjibu.

Alichuchumaa polepole, akaweka kiganja juu ya udongo. Mimi nikashuka mpaka kisimani ili nisisikie, maana yale hayakuwa ya kupitia kwangu. Nikatumbukiza ndoo, nikateka. Kutoka pale nilimwona mkono ukienda na kurudi kama wa mtu anayeeleza jambo tangu mwanzo. Nilijaza ndoo zote zilizokuwepo, na alikuwa bado anaongea.