Sakafu Mpya, Viti Vitupu

Nabututu alikuwa amechoka kusema ndiyo. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa msimamizi wa ukumbi wa michezo ulioko kati ya Kondele na Manyatta, na kila aliyegonga mlango wa ofisi yake alitaka neno hilo moja. Ukumbi ulijengwa kwa ajili ya ndondi na voliboli. Lakini ni nani Kisumu hii aliyewahi kuona paa kubwa namna ile akaliachia mpira peke yake?

Mwanzoni mabondia ndio walikuwa wenye nyumba. Jumamosi jioni mji mzima ulimiminika pale, na mtu akipigwa ngumi ulingoni, wa Kondele sokoni alisikia kelele. Kisha ikaja njaa, na mahindi ya msaada yakarundikwa hadi madirishani, panya wakanenepa kuliko mabondia. Baadaye kura zikahesabiwa mle ndani, askari wakilala ubavuni mwa ulingo. Wahubiri nao wakaukodi wakafukuza mapepo hadi alfajiri, na harusi za matajiri wa Milimani zikaleta visigino vilivyoichimba sakafu kama kuku anayetafuta mchwa. Ziwa lilipofura likameza nyumba za watu, familia nzima nzima zilihamia humo zikapika chini ya wavu. Korona ilipofika, vikaletwa vitanda.

Kila mara Nabututu alikubali, na kila mara wasichana wa voliboli walitolewa nje wakafanye mazoezi kwenye kokoto. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hakuna aliyeomba ukumbi aliyewahi kurudi kuuliza magoti ya wale wasichana yanaendeleaje.

Na bado, kwa kokoto hizohizo, wasichana wakapanda daraja hadi ligi kuu. Ukumbi ukapata sakafu mpya ya mbao, ikapakwa vanishi ikang'aa. Ligi ikatuma salamu: mkaguzi angekuja Jumamosi asubuhi. Akiiona sakafu ina kasoro, mechi zote za nyumbani zingechezewa Eldoret. Nabututu alijua hiyo maana yake. Wasichana wenyewe walikuwa wa Manyatta, wengine wakiuza mboga na mama zao, na timu ya namna hiyo haiishi barabarani. Ingekufa kabla ya Krismasi.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mchana, gari la maiti likaingia kwenye geti likifuatwa na umati wa watu waliokuwa wameloa hadi mifupani. Ndani ya jeneza alikuwemo Oduor, bondia aliyeanza kupigana kwenye ukumbi ule akiwa kijana, akaushindia mji huu mikanda hadi mkono wake wa kulia ukakataa kunyooka. Alikuwa ametoka mochari, akipelekwa kwao Alego kuzikwa. Na hapa kwetu, mwanamichezo haendi nyumbani kabla ya kuagwa mahali alipochezea. Hiyo haihitaji kuandikwa popote, na kwa sababu hiyo hakuna aliyekumbuka kumwarifu Nabututu.

Alisimama mlangoni akawatazama miguu. Udongo mweusi wa Manyatta ulikuwa umewapanda hadi magotini. Akawaza vanishi ambayo ilikuwa haijakauka sawasawa, akamwaza mkaguzi, akawaza na ndiyo zake zote za miaka ile. Kitu fulani ndani yake kikagoma, kama punda aliyebebeshwa gunia moja zaidi. Akawaambia wamuage Oduor nje, kwenye maegesho, na yeye mwenyewe angewatafutia hema.

Ochieng, baba mdogo wa marehemu, alikuja mbele akavua kofia. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Nabututu zaidi.

"Mama, sisi hatutaki kitu mingi," alisema. "Tunataka alale hapo katikati kidogo tu, halafu tuende."

"Baba, kesho kuna ukaguzi. Nikiwaruhusu, hawa wasichana wamekwisha."

"Oduor alimwaga damu hapa ndani. Leo wewe unaogopa matope?"

Nabututu alitoa ufunguo. Akafunga. Hema halikupatikana, au pengine hakuna aliyelitafuta kwa moyo. Oduor akaagwa mvuani, watu wawili wakiwa wamefunika jeneza kwa turubai. Hawakukaa. Magari yakageuka, yakashika njia ya Alego, na maegesho yakabaki na maji tu.

Jumamosi mkaguzi, mama mmoja aitwaye Wahu, alipiga magoti akaipapasa sakafu kwa kiganja, akasema hata Nairobi sakafu kama ile ni chache. Akatia sahihi. Wasichana walikumbatiana wakalia. Nabututu alijaribu kufurahi, akagundua kwamba amechoka mno hata kwa hilo.

Wiki hiyo hakuna aliyemtukana. Kule Kondele walimsalimia, wakampimia nyanya zake, wakamtakia siku njema. Ila hakuna aliyemuuliza habari za mechi, wala aliyewaeleza wasichana kilichotokea pale mlangoni, na Nabututu alijua mji huu: ukinyamaza kuhusu michezo, kuna jambo.

Siku ya mechi ya kwanza alifungua milango yote. Watu wa bodaboda, ambao kwa kawaida hujaa mapema na filimbi zao, walipita barabarani bila kugeuza shingo. Akina mama wa sokoni hawakuja. Filimbi ya refa ilipolia, viti vyote vilikuwa vitupu, na mpira ukidunda uliitikiwa na paa. Wasichana walizoea kushangiliwa. Walicheza wakitazama majukwaa kuliko wavu, wakapoteza seti ya kwanza, na ya pili ikaanza kuwaponyoka.

Hapo ndipo akaingia mwanamke mzee, peke yake, akaketi kiti cha mbele. Alikuwa mama yake Oduor. Nabututu alikwenda akachuchumaa kando yake.

"Mama, nimekukosea," alisema. "Ningekuwa na uso wa kuja Alego, ningekuja. Nisamehe."



"Mwanangu nimeshamzika," mzee alijibu. "Mimi ni mzazi, nitasamehe tu, nitafanya nini kingine? Lakini wewe si ulifunga kwa sababu ya hawa watoto? Angalia. Wanacheza kama watu wa msiba, na hawajui wamefiwa na nani. Nenda uwaambie wao."

Seti ya pili ikaisha vibaya. Nabututu akashuka hadi walipokusanyika wakinywa maji. Adero, nahodha wao, alikuwa amejifunika uso kwa taulo. Alilishusha akauliza kile ambacho wote walikuwa wakikiuliza kwa macho.

"Mama, tumewakosea nini watu?"

Kwa miaka yote ile hakuwahi kuona neno gumu kulitamka kama lile alilopaswa kuwaambia sasa.

"Nyinyi hamkukosea kitu," akasema. "Walimleta Oduor hapa wamuage. Mimi ndiye niliyewafungia mlango."

Adero alimtazama, kisha akayatazama majukwaa, kiti hadi kiti, hadi kwa mama yake Oduor. Akaweka chupa chini, akavuka ile sakafu yao nzuri, akaenda kumpa pole.