Mgeni Huitikiwa

Mchi ulikuwa juu, nimeushika kwa mikono miwili, nikasimama hivyo hivyo nikisubiri mama aitikie. Ndani, kwenye simu niliyoilaza kando ya mto wake, yule mama wa Kijapani alikuwa amemaliza sentensi yake kuhusu mvua iliyolowesha nguo kambani. Akanyamaza kidogo, kama kawaida yake, ili mwanafunzi popote alipo arudie. Mahali hapo ndipo mama yangu alipokuwa akiweka "Ee" yake. Nilishazoea kutwanga kwa mpigo huo: sentensi, kimya, ee, mchi unashuka.

Safari hiyo kimya kilipita kitupu. Mama wa Kijapani akasema sentensi nyingine, ya jua, akanyamaza tena. Kuku wakaja kuokota makopa ya muhogo yaliyoruka kinuni na sikuwafukuza.

Nianze vizuri, maana watu wa kijijini kwetu Lundo wanaisimulia habari hii kwa namna yao, na namna yao siipendi.

Nilikuwa naishi Mbinga mjini, nafanya usafi kwenye nyumba ya wageni, na jioni nasoma Kijapani kwa simu. Kuna watu walikuwa wanatafuta wasichana wa kwenda Japani kutunza wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Ilitakiwa ufaulu mtihani wa lugha kwanza. Mimi nilishaanguka mara moja. Herufi zao niliziweza, sarufi niliiweza, sikio ndilo lililoniangusha. Sauti ikitoka kwenye spika nilikuwa nasikia maji yanamwagika tu. Na wale watu walisema wazi, ukianguka tena nafasi yako anapewa mwingine.

Mwalimu wetu wa mtandaoni akatuambia tutafute podikasti, tusikilize kila siku, hata tukipika. Kusema ni rahisi. Ya kwanza niliyoipata ilikuwa ya vijana wawili waliokuwa wakicheka kabla sijajua wamesema nini, na hakuna kinachokufanya ujione mjinga kama kicheko ulichoachwa nje yake. Ya pili ilikuwa ya binti aliyetaja neno moja la Kijapani kisha akalieleza kwa Kiingereza mpaka nikasahau neno lenyewe. Ya tatu ilikuwa taarifa ya habari, na msomaji alisoma kama anakimbizwa na nyuki. Bando linakwisha, nami sijaokota kitu.

Aliyenitoa hapo ni Masoudi. Ana duka karibu na stendi, anauza chaja na kuwaingizia watu nyimbo na filamu kwenye memori kadi. Babu zake walitoka Kilwa, naye mwenyewe hajafika, lakini ukimsikia anavyozungumza utadhani kashuka jana. Nilikwenda kumlalamikia kama ninavyolalamika kwake kila kitu.

"Wewe dada unatafuta anayejua kusema," aliniambia, macho yakiwa kwenye simu ya mteja. "Tafuta anayejua kunyamaza. Sisi chuoni ustadhi alikuwa anasoma, ananyamaza, tunarudia. Asiyekuachia nafasi atakufundisha saa ngapi?"

Akawa anafungua moja baada ya nyingine huku anahudumia watu, anasikiliza kidogo, anafuta. Hajui hata neno moja la Kijapani, alikuwa anasikiliza vimya. Mwishowe akageuza simu kwangu. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, imekwaruza kidogo, haina muziki nyuma. Nadhani alikuwa anajirekodi jikoni kwake, maana mara nyingine birika lilikuwa linachemka. Alizungumza mambo ya bure kabisa: nguo, mvua, paka wa jirani, figili alizopanda. Kila sentensi ikiisha ananyamaza, muda wa kutosha mtu kurudia bila kutafuta pumzi. Masoudi akaniingizia zote alizozipata, akaniambia nimsalimie Mjapani wangu.

Nilikuwa sijamaliza hata robo Joakim, kaka yangu, aliponipigia kuwa mama ameanguka akitoka kisimani. Kiharusi. Nikaacha kazi, nikashuka ziwani.

Upande wote wa kulia ulikuwa umekufa. Ulimi ulikuwa mzito, maneno yanatoka yamevunjika, jina langu lenyewe lilimshinda. Vitalia ni jina refu kwa mdomo wa nusu. Nikawa namwogesha, namlisha uji kwa kijiko, namgeuza asichubuke. Mtihani ulikuwa unakaribia, kwa hiyo nikawa nafanya yote hayo na visikilizi masikioni.

Siku moja nikiwa namkanda mguu, akanigusa kwa mkono wake mzima. Akauliza kwa Kinyasa ni nani anaongea na mimi. Nikachomoa waya, nikamwekea asikie. Akasikiliza. Mama wa Kijapani akasema sentensi, akanyamaza. Akasema nyingine, akanyamaza. Mama akanikazia macho kama enzi za utoto wangu.

"Mgeni anaongea," alisema, na kila neno lilimgharimu, "na wewe unamtazama tu. Mwitikie."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu mzima akizungumza, kila anapotua unamwitikia, ajue yuko na watu. Ukimwachia maneno yake yaanguke chini, umemtukana. Mimi nilipigwa makofi kwa kosa hilo nikiwa mdogo, na mpigaji alikuwa huyu huyu. Nikamweleza kuwa si mgeni, ni masomo, huyo mama hanisikii wala hanijui. Hakujali maelezo yangu. Kimya kilipofika akaitikia mwenyewe.

"Ee."

Likatoka zima. Ndilo neno pekee lililokuwa halijavunjika.

Toka hapo kila asubuhi aliuliza kama mgeni ameamka. Nilikuwa namwekea simu kando ya mto, naenda zangu uani kutwanga au kufua, nikiwasikia wote wawili kupitia dirishani. Ile "Ee" ilikuwa inaniambia kuwa yupo, hahitaji kitu, niendelee na kazi. Na mimi nikawa narudia sentensi kwa sauti nikiwa juani, bila haya. Basi sikio likafunguka. Sijui nieleze vipi. Siku moja yale maji yakaacha kumwagika, yakawa maneno, nikajua figili zimeliwa na wadudu na mwenye nazo ana hasira. Nilicheka peke yangu kinuni. Nilikuwa na furaha, na mama alikuwa anakufa, na vyote viwili vilikuwa vinatokea katika uwanja mmoja.

Joakim hakupenda. Si mtu mbaya. Ndiye aliyembeba mama kutoka kisimani mgongoni, na mkewe Beata ndiye aliyekuwa akituletea samaki. Ila siku moja aliingia nikiwa namgeuza mama, simu inaongea, na nadhani alichoka kusikia sauti ya mtu asiyemjua ndani ya nyumba ya baba yetu.

"Unajifunza kuogesha mama za watu," akasema. "Wako unamwachia nani?"

"Kabla sijaja alikuwa anaogeshwa na nani? Wewe?"

Akatoka. Mimi nina mdomo, sikatai, na siku hiyo ulinisaidia asinione nimeumia. Swali lake lilikuwa la haki. Nililijua kabla yake, nililala nalo, niliamka nalo.

Mama alikuwa amesikia yote. Mchana, nilipokuwa namfuta mdomo baada ya uji, akasema, "Nenda."

Nikajifanya nakusanya vyombo.

"Nenda," akasema tena. Kisha akanyamaza na kusubiri, muda ule ule wa yule mgeni wake, ananitazama kwa jicho lililokuwa bado linafumba vizuri. Nami niliyefundishwa kwa makofi kuwaitikia wakubwa, sikuitikia. Kuitikia kungekuwa kukubali kuwa ataogeshwa na mwingine, au kwamba hataogeshwa tena. Nikabeba bakuli, nikatoka.

Hiyo ndiyo ilikuwa hali yetu siku niliyobaki na mchi juu.

Nikauweka mchi chini taratibu, sijui kwa nini taratibu. Nikaingia. Uso wake ulikuwa umegeukia simu. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, upande mzima na upande uliokufa zikiwa sawa kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Mgeni alikuwa bado anaongea. Sikumzima. Nilikaa chini sakafuni nikamwacha amalize, aage kwa heshima kama anavyoaga siku zote, ndipo nikatoka nje kuwaita watu.

Mama tukamzika pembeni ya baba. Simu niliizima, maana nyumba ya msiba haipigi redio wala kitu chochote chenye sauti. Mama mkubwa Walburga, dada yake mama, alikuja kutoka Lipingo akashika msiba kama anavyoshika kila kitu, kwa mikono yote. Wanawake wa karibu tukakaa mkekani. Katika ukoo wetu watoto wa marehemu hawatoki mkekani mpaka siku ya kumaliza matanga. Siku hiyo mnanyolewa, kila mmoja kwa wembe wake mpya, mnaoga, na hapo ndipo mnarudishwa kwa watu, mnaweza kulima, kusafiri, kucheka. Nyembe zilishanunuliwa. Zilikuwa juu ya kabati, ndani ya karatasi zake.

Mtihani ulikuwa Dar es Salaam, na tarehe yake ilikuwa kabla ya kunyolewa.

Nilimwambia mama mkubwa mbele ya wote, kwa sababu jambo kama hilo ukilisema kando linakuwa baya zaidi. Nikamwambia mama mwenyewe ndiye aliyenituma. Akaniuliza nani alisikia. Hakuna aliyesikia. Nikamwambia nitanyolewa nikirudi.

"Matanga hayamngojei mtu aliyepanda basi," akasema. Hakupaza sauti. "Ukitoka na nywele hizo, umetoka na msiba. Utatembea nao huko unakokwenda. Kwangu usije nao."

Joakim alikuwa mlangoni, akatazama miguu yake. Nyuma yangu mwanamke mmoja, ambaye namjua na ninamwombea, akasema kwa mwenzake, "Kufa kufaana." Alisema polepole ila nisikie. Jibu nilikuwa nalo. Beata akanishika mkono akaubana, basi nikalimeza.

Nikaondoka alfajiri, kichwa nimekifunga khanga. Sikulia. Nililia Songea, stendi, na chapati mkononi, mpaka aliyeniuzia akauliza kama ina kitu.

Chumba cha mtihani kilikuwa na spika mbili ukutani. Sentensi ya kwanza ikasomwa na mwanamke, nikaielewa yote. Kisha kikaja kile kimya wanachokuachia uweke alama.

"Ee," nikasema.

Kwa sauti. Watu wakageuka. Msimamizi akaja mpaka kwenye meza yangu, akaweka kidole mdomoni. Nikaweka alama. Nikaendelea kuuma ulimi katika kila kimya mpaka mwisho, na nilifaulu.

Sasa niko huku Japani. Mji wenyewe ni mdogo, una bahari na baridi, na vijana wake wengi wameondoka. Nawaogesha mama za watu, kama Joakim alivyosema. Wafanyakazi wenzangu wana mikono myepesi kuliko mimi, lakini wazee wananiita mimi, kwa sababu wakizungumza naitikia. Kuna bibi mmoja anazungumzia figili. Mwanzoni nilitamani awe yeye, yule mgeni wa mama. Siye.

Nywele zangu zimekuwa ndefu, nimezisuka. Mashine ya kunyolea ipo, ningeweza. Lakini nikijinyoa mwenyewe huku nitakuwa nimenyoa nywele tu. Msiba unatolewa na mkono wa ndugu. Kwa hesabu ya nyumbani, mimi bado niko mkekani.

Joakim huwa tunaongea Jumapili akitoka kanisani. Hajawahi kurudia lile swali lake, nami sijawahi kumuuliza kama bado analo. Mama mkubwa alikuwa hajawahi kuja kwenye simu. Jumapili iliyopita Joakim alikuwa Lipingo, kwa mama mkubwa, akaniambia, "Nimeweka spika, yupo hapa, sema."

"Shikamoo mama mkubwa."

Kimya. Nikasikia kuku, na mtu anatwanga.

Nikasema kwamba huku theluji imeanguka. Nikanyamaza. Nikasema kwamba leo nimemwogesha bibi mmoja mwenye umri kama wa mama mkubwa, na mgongo kama wake. Nikanyamaza. Nikasema kwamba wale samaki wa Beata nimewaota. Kila nilipotua nilimwachia nafasi ya kutosha, na kila mara maneno yangu yalianguka chini. Nikawa sina kingine cha kusema. Nikadhani Joakim amekata.

"Wembe wako upo," sauti ya mama mkubwa ikasema, mbali kidogo na simu. "Niliuchomeka juu ya mlango. Unashika kutu."

Akanyamaza.

"Ee," nikaitikia.